Kovu kwenye Paji la Paro

Kando ya bwawa la kijiji cha Talsonapur, huko Bengali, kijana mmoja anamwambia msichana waliyekua pamoja kwamba nia yake imebadilika, sasa yuko tayari kumuoa. Msichana anakataa. Siku chache nyuma alimwendea usiku wa manane, peke yake, chumbani mwake, akaiweka heshima yake yote mikononi mwa kijana huyu. Kijana akashindwa kuamua. Akakimbilia Calcutta, na kutoka huko akamwandikia barua ya kumwambia kuwa hakuwahi kumpenda kiasi hicho. Amerudi na majuto, lakini msichana keshaposwa kwingine, na anamweleza kwa ufasaha kwamba kama yeye ana wazazi wenye heshima ya kulindwa, na wake pia wanayo. Kijana anainua mwanzi wa kuvulia samaki na kumpiga nao kwenye paji la uso. Damu inamwagika. Halafu anachana nguo yake, anailowesha bwawani, anamfunga kidonda.

Kijana ni Devdas Mukherjee, mtoto wa kabaila. Msichana ni Parvati, ambaye nyumbani na vitabuni anaitwa Paro. Aliyewaumba ni Sarat Chandra Chattopadhyay, aliyezaliwa mwaka 1876 na kuiandika riwaya hii akiwa bado kijana, ingawa haikuchapishwa hadi 1917. Tangu filamu bubu ya mwaka 1928, *Devdas* imerudiwa kwa Kibengali, Kihindi, Kiasami, Kitelugu na Kitamil, na jina la mhusika limetoka vitabuni likaingia mitaani: India, mwanamume aliyeachwa na mpenzi akaitupa dunia huitwa Devdas, na hakuna haja ya maelezo zaidi.

Swali linalonisumbua ni hili. Mtu aliyemkana msichana kwa barua, akampiga mpaka akatoka damu, kisha akajimaliza kwa pombe huku wengine wakimuuguza, amefikaje kuwa kielelezo cha mpenzi wa kweli? Nimeisoma riwaya kwa tafsiri zaidi ya mara moja, na naamini lawama haiko kitabuni. Sarat Chandra anamhurumia Devdas lakini hamfichi. Anamwonyesha tangu utotoni: mvivu wa shule, mvuta buruma kwa kificho, mwepesi wa mkono. Hata Paro akiwa mtoto mdogo hupigwa naye, kisha akifika nyumbani na alama mwilini husema ni mwalimu aliyempiga. Yaani alama ya bwawani ina historia. Ni skrini iliyompamba Devdas, na namna bora ya kuona ilivyompamba ni kumwacha yeye pembeni kwa muda na kuwatazama wanawake wawili waliompenda.

Kwanza tuuweke sawa mzozo wenyewe, kwa sababu msomaji wa pwani yetu anaweza kuusoma kinyume. Familia zote mbili ni za Kibrahmini na nyumba zao zimepakana. Kinachomfanya mama yake Devdas aikatae posa ni kwamba ukoo wa Paro una desturi ya kupokea fedha kwa ajili ya binti zao. Kwetu sisi mahari ni heshima ya binti, na binti anayetolewa bila mahari ndiye anayesemwa. Kwa Wabrahmini wa daraja la juu wa Bengali mambo yalikuwa upande wa pili: upande wa bibi harusi ndio uliotoa, na aliyepokea alionekana kama mfanyabiashara aliyeuza mwanawe. Ukilijua hilo, ndipo unapoelewa kiburi cha Paro pale bwawani. Hajibu tu mapenzi yaliyochelewa, anajibu tusi la ukoo mzima. Na katika riwaya ana umri wa miaka 13 hivi, jambo ambalo filamu zote kubwa zimeliacha, nazo zimefanya vyema. Lakini kulijua kunauongeza uzito ule mwendo wa usiku: ni mtoto aliyetembea gizani akiamini kwamba mtu mmoja duniani hatamtupa.

Mwaka 1935, Pramathesh Chandra Barua, mwana wa ukoo wa kifalme kutoka Gauripur, Assam, aliigiza na kuongoza *Devdas* ya Kibengali kwa ajili ya studio ya New Theatres ya Calcutta. Mwaka uliofuata akaongoza ya Kihindi, safari hii nafasi ya Devdas akampa mwimbaji K. L. Saigal. Mambo mawili aliyoyafanya Barua yamekaa hadi leo. La kwanza ni la ufundi: Devdas anaweweseka ndani ya treni, na papo hapo picha inakatwa kwenda kwa Paro, maili nyingi mbali, akijikwaa kana kwamba ameitwa. Kitabu hakina njia ya kufanya hivyo kwa kasi ile. La pili ni lango, na hilo nitalirudia mwishoni kwa sababu ndilo jambo zito kuliko yote.

Barua alimfanya Devdas mtu wa kimya, mwenye macho yaliyochoka kabla ya wakati, na Saigal akampa sauti. Baada ya sauti ile, kosa la Devdas lilianza kusahaulika. Mtu akiimba vizuri namna hiyo, nani atakumbuka mwanzi wa kuvulia? Tena maisha yenyewe yakaja kuunga mkono hadithi. Saigal, aliyejulikana kwa ulevi, alifariki mwezi Januari 1947 akiwa na miaka 42. Barua akafuata mwaka 1951, naye hakufika 50. Watazamaji wakawaona kama watu waliokufa kifo cha mhusika wao, na mhusika akapata utakatifu ambao mwandishi hakumpa.

Mpiga picha wa ile filamu ya Kihindi alikuwa Bimal Roy. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1955, akiwa sasa mwongozaji huko Bombay, aliirudia hadithi yote kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, Devdas akiwa Dilip Kumar, Paro akiwa Suchitra Sen, nyota wa sinema ya Kibengali aliyekuwa akiingia katika filamu ya Kihindi kwa mara ya kwanza, na Chandramukhi akiwa Vyjayanthimala. Kwangu mimi hii ndiyo filamu iliyokisoma kitabu kwa uaminifu mkubwa kuliko zote, na uaminifu huo unatokana na subira. Roy anaupa utoto nafasi yake: bustani ya maembe, shule ya kijijini, watoto wawili wanaoonekana kama hawana mpaka kati yao ilhali mpaka upo tangu siku walipozaliwa.

Dilip Kumar anaigiza kwa kupunguza. Anasema kwa sauti ya chini mpaka mtazamaji anainamisha kichwa kumsikiliza. Mara nyingi anamgeuzia mwenzake mgongo, na maumivu unayaona mabegani. Lakini tazama pia anavyoigiza woga. Paro anapoingia chumbani usiku ule, jambo la kwanza linalopita usoni mwake ni hofu ya kuonwa: nani amekuona, watasema nini? Upendo unakuja nyuma yake. Mwigizaji anayetaka kupendwa na ukumbi mzima angeupindua mpangilio huo. Yeye hakuupindua, na ndiyo sababu Devdas wake ni binadamu. Baada ya mfululizo wa nafasi za huzuni kama hii, yeye mwenyewe alieleza kwamba daktari alimshauri atafute nafasi nyepesi, kwa kuwa huzuni ya kazi ilikuwa inamfuata nyumbani.

Suchitra Sen naye anamlinda Paro asigeuzwe sanamu la machozi. Katika riwaya, Paro anaolewa na Bhuvan Choudhury, kabaila mgane wa Hatipota mwenye watoto wakubwa, na anaingia nyumba ile kama mtawala. Binti wa kambo anayemchukia anashindwa nguvu pale Paro anapomvika vito vyake vyote kwa mikono yake mwenyewe. Anaendesha mali, analisha maskini, anaheshimiwa. Ni mwanamke aliyeamua kwamba kama moyo umekataliwa, akili haitakataliwa. Sen anauonyesha uwezo huo kwa shingo iliyonyooka na macho yasiyopepesa. Kovu lake lipo pale kwenye paji, na Roy halifichi wala halipambi.

Kisha kuna Chandramukhi, na hapa ndipo naona sinema ya Kihindi imekuwa na deni lisilolipwa. Chandramukhi ni mwanamke wa nyumba za starehe za Calcutta, mwenye nyimbo, ngoma na wateja. Rafiki yake Devdas, Chunilal, ndiye anayempeleka kwake. Devdas anamdharau waziwazi, anamtupia fedha na kuondoka, na dharau hiyo, kwa kuwa ni ya kweli kuliko sifa zote alizozoea, inamgusa. Anaiacha kazi. Anauza vitu vyake, anahamia kijijini, anaishi maisha ya kawaida. Habari za Devdas zinapopotea, anasafiri kumtafuta kwao. Asipompata, anarudi jijini, anapanga nyumba na kumsaka usiku baada ya usiku mpaka anapomkuta amelala njiani, mlevi. Anamuuguza. Katika kitabu kizima hakuna anayebadilika isipokuwa yeye. Devdas anazama, Paro anasimama imara, Chandramukhi peke yake ndiye anayetoka sehemu moja ya maisha na kufika nyingine.

Vyjayanthimala alilielewa hilo. Alipotunukiwa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa nafasi hii, aliikataa, akisema Chandramukhi wake ana uzito sawa na Paro na si msaidizi wa mtu. Mwaka 2002 nafasi ilipokwenda kwa Madhuri Dixit, Filmfare ikampa tuzo ileile ya msaidizi. Mwaka 2009 ilipokwenda kwa Kalki Koechlin, tuzo ikawa ileile tena. Vizazi vitatu, waigizaji watatu mahiri, na kila mara mwanamke wa nyumba ya starehe anawekwa nyuma ya binti wa nyumba ya heshima. Hili si suala la majaji wa tuzo tu. Ndivyo tunavyoisikiliza hadithi yenyewe: tunampokea Chandramukhi kama kituo cha kupumzikia katika safari ya Devdas kwenda kwa Paro, wakati kitabu kinamfuatilia sura kwa sura, hata mahali ambapo Devdas hayupo kabisa.

Bimal Roy alimpa heshima moja ambayo Sarat Chandra hakuiandika. Katika riwaya, Paro na Chandramukhi hawaonani kamwe. Katika filamu ya 1955 wanapishana njiani: mmoja kwenye machela, mke wa kabaila, mwingine anatembea kwa miguu kwenye vumbi. Wanatazamana. Hakuna neno linalosemwa, na sijui kama kila mmoja ameelewa anayemtazama ni nani, nafikiri Roy alitaka tubaki hivyo. Nafasi yote ya ukabaila wa Bengali imo katika urefu ule kati ya machela na ardhi.

Sanjay Leela Bhansali, katika *Devdas* yake ya mwaka 2002, alikwenda mbali zaidi, na watu wengi wa rika langu walimjua Devdas kupitia kwake. Pwani ya Afrika Mashariki haikuhitaji kufundishwa sinema ya Kihindi. Kumbi za Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa zilijaa kwa filamu hizi tangu enzi za *Awara* ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na watunzi wa taarabu, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mbele yao, walizichukua tuni za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Kwa hiyo diski ya *Devdas* mpya ilipofika vibanda vya kukodisha, hatukuwa wageni. Niliiona sebuleni kwa shangazi yangu, umati wa wanawake umekaa mkekani, kila mmoja analia kwa wakati wake. Nakumbuka shangazi, katikati ya kilio cha wengine, akiuliza kwa nini anayepiga ndiye anayeliliwa. Hakuna aliyemjibu. Nimelibeba swali lake tangu siku ile, na makala haya ni deni langu kwake.

Filamu yenyewe iligharimu karibu rupia milioni 500, ambazo wakati huo hazikuwahi kutumika kwa filamu moja ya Kihindi, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes. Devdas ni Shah Rukh Khan, na harejei tena kutoka Calcutta bali kutoka masomoni Uingereza. Paro ni Aishwarya Rai, na nyumba yake, ambayo kitabuni ni ya jirani wa hali ya kawaida, imekuwa jumba la vioo vya rangi. Hapo ndipo tofauti ya ukoo inapopotea machoni: huwezi kuamini kwamba watu wanaoishi katika vioo vile wanadharauliwa kwa unyonge. Bhansali anajua hivyo, na anaufidia unyonge kwa tukio moja la ukatili, mama yake Paro akicheza mbele ya wageni kwa furaha ya posa, kisha akaaibishwa hadharani. Kirron Kher anaigiza aibu ile kwa nguvu ambayo kwa dakika chache inaizidi filamu nzima.

Lakini kovu. Bhansali anauondoa mwanzi wa kuvulia. Devdas wake anampiga Paro kwa mkufu wa vito, na tone la damu linakaa kwenye paji kama pambo. Picha ni nzuri mno, na uzuri huo ndio kosa. Mwanzi ni kitu cha shughuli za kila siku, kitu cha mkononi, na kipigo chake ni kipigo cha aina ambayo wanawake wengi wanaijua. Mkufu unakigeuza kipigo kuwa ibada, kana kwamba amemtia alama ya ndoa. Sarat Chandra aliandika majuto na kitambaa kilicholoweshwa. Bhansali amechora sherehe. Shah Rukh Khan ana machozi karibu sana, anatetemeka, anacheka kwa uchungu, na ana mvuto ambao hauruhusu hasira ya mtazamaji kudumu. Hana ule woga wa Dilip Kumar. Na bila woga, kosa la Devdas linabaki kuwa la wazazi wake, la shemeji yake, la dunia, la kila mtu isipokuwa yeye.

Hata hivyo nitamtetea Bhansali mahali ambapo wengi wamemlaumu. Paro wake anakwenda kwa Chandramukhi kuomba udongo wa uani kwake, kwa kuwa kwa desturi ya Bengali sanamu ya mungu mke Durga huchanganywa na udongo kutoka mlangoni mwa wanawake wa aina yake. Kisha anamwalika kwenye sikukuu, na wanacheza pamoja mbele ya wageni wa kabaila. Wahakiki walisema huko ni kukisaliti kitabu. Mimi naona ni mahali pekee ambapo filamu ile inauliza swali jipya: itakuwaje wanawake hawa wakijuana bila kugombana? Na jibu lina bei. Mkwe wa nyumba anamuumbua Chandramukhi mbele ya watu, siri ya Paro inafika kwa mumewe, na mume anaamuru mkewe asivuke tena lango la nyumba. Mcheza ngoma anaondoka na miguu yake. Mke wa kabaila ndiye anayefungwa.

*Dev.D* ya Anurag Kashyap, ya mwaka 2009, inaipeleka hadithi Punjab na Delhi ya simu za mkononi. Abhay Deol anaigiza Dev bila kumwombea huruma: kijana tajiri, mwenye wivu, anayeamini uvumi kuhusu Paro huku yeye mwenyewe akifanya atakavyo. Paro, Mahie Gill, anakuja siku moja kwenye chumba chake kichafu, anafua nguo, anapanga vitu, na Dev anapodhani amerudishiwa mapenzi, anamkatalia na kuondoka. Bwawa la Talsonapur limo mle, ila safari hii hakuna anayeachiwa kovu. Chandramukhi, anayeitwa Chanda, ni mwanafunzi aliyeharibiwa maisha na video ya siri iliyosambazwa, na jina lake la kazi analichukua baada ya kuitazama filamu ya Bhansali. Mwishoni Dev hafi, na anaondoka na Chanda. Baadhi waliona hilo ni ukaidi wa ujana. Kwangu ni mara ya kwanza mwongozaji kukubali kwamba kumwacha Devdas afe ni kumsamehe mapema mno, kwa kuwa maiti hawajibishwi.

Sasa lango. Kitabuni, Devdas aliyeahidi kwamba kabla ya kufa atafika mlangoni kwa Paro anashuka treni kituo cha Pandua, anapanda gari la ng'ombe, na anafia chini ya mti mbele ya nyumba ya Choudhury. Wenyeji hawamjui. Hakuna anayetaka kuugusa mwili ambao haijulikani ni wa tabaka gani, unaishia mikononi mwa watu wa tabaka la chini kabisa, na unachomwa bila uangalifu. Paro anasikia tu kwamba kuna mgeni amekufa nje. Jina linapomfikia, mwili haupo tena. Anakimbia, watu wanamrudisha ndani akiwa amezirai.

Barua ndiye aliyemfungia lango usoni, na Roy na Bhansali wakamfuata. Katika toleo la 2002 Devdas yu hai bado, anamwona akija mbio, ushungi umeanguka, sari nyeupe yenye pindo jekundu inaburuta, mpaka mbao mbili zinapokutana kati yao. Ni picha ambayo haitoki akilini, na haki yake kuwa hivyo: mke wa mtu hawezi kumlilia mwanamume mwingine barabarani, na lango linayasema yote bila hotuba. Lakini filamu zile tatu zinakomea hapo, kwenye kelele za mbio na muziki, na kwa kukomea hapo zinampa Devdas neno la mwisho. Sarat Chandra hakukomea langoni. Anaendelea hadi kesho yake. Paro anazinduka, hasemi na mtu yeyote nyumbani. Anamwita mtumishi mmoja wa kike na kumuuliza swali moja tu, kama ni kweli kwamba mgeni alifika usiku, na kama alikuwa pale usiku kucha. Baada ya hapo ananyamaza.